Msiba Ulioletwa na Kitabu

Nyie vijana mtakaosoma hapa, wengine wenu nimewapikia. Mlisimama mbele ya dirisha langu pale Manyamanyama, Bunda, na sahani zenu za plastiki, mkasema "mama, ongeza kidogo," na mkishageuka mkasema maharage yana wadudu. Nilisikia. Wadudu walikuwepo kweli, lakini walikuwa wameiva. Leo wengine wenu ni walimu, wengine manesi, mmoja nasikia ni askari magereza, na mimi nimekaa zangu Butiama na kuku wangu na magoti yanayojua mvua kabla ya redio. Sina malalamiko.

Ambao hamnijui, basi mnijue. Nilikuwa mpishi wa shule ya sekondari, shule ya bweni, tangu nina meno yote mpaka nilipostaafu. Darasani niliishia la nne. Kusoma nasoma, polepole, kidole chini ya mstari. Nawaandikia kwa sababu ya mjukuu wangu Nyanjura, mtoto wa binti yangu, mwalimu wa shule ya msingi huko Buswahili, ambaye nusura aache kazi kwa ajili ya kitabu. Siyo mshahara, siyo mkuu wa shule, siyo mwanaume. Kitabu. Nyie mnaoanza kazi za shule, iwe ualimu, iwe ulinzi, iwe jikoni, nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mkatae mkitaka.

Lakini kwanza jikoni, maana bila jikoni hamtanielewa.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Bhoke, Mkurya wa Tarime, mfupi, mikono kama michi. Nilipofika nilikuwa najua kupikia watu wa nyumbani. Akaniambia, "Hapa hatupiki. Hapa tunalima." Na kweli, kusonga ugali wa shule nzima ni kulima. Mwiko wake ni kama kasia, unasimama juu ya tofali, unasukuma kwa kiuno siyo kwa mabega. Ukisukuma kwa mabega, jioni huwezi kujisuka nywele zako mwenyewe. Hilo mlishike.

Wiki zangu za mwanzo tuliletewa maharage ya zamani, magumu kama kokoto za barabarani. Nikaona niyatie magadi yalainike. Nikatia. Nikaona bado. Nikatia tena. Yakalainika kweli, yakawa uji wa kahawia. Mama Bhoke akaonja kwa ncha ya ulimi, akaniangalia.

"Umepika sabuni," akasema.

"Nimwage?"

"Umwage, wale nini? Nenda dirishani ukagawe mwenyewe. Umwone anayekula sabuni yako usoni."

Nikagawa. Siku ile foleni ya bwalo ilihamia chooni, na mwalimu wa zamu akaja kuniuliza kama nina ugomvi na shule. Lakini ndiyo siku nilipojifunza dirisha. Mpishi anayekaa nyuma na masufuria yake anajua chakula tu. Anayekaa dirishani anajua watoto. Mama Bhoke alikuwaga anasema mtoto mwenye shida humjui kwa uso, maana uso wanafundishwa kuuficha. Unamjua kwa anachorudisha. Mtoto anayerudisha nyama siku ya nyama, huyo usimpite hivi hivi. Alikuwa anamwita, "Njoo unichagulie mchele, macho yangu mabovu." Macho yake yalikuwa mazima kama ya mwewe. Anamkalisha na ungo mapajani, hamuulizi kitu. Baada ya muda mtoto anaanza kusema mwenyewe, huku anatoa mawe. Mikono ikipata kazi, mdomo unafunguka.

Kuna siku moja ng'ombe dume alitoroka mnadani akaingia shuleni kwetu. Nyie mnacheka. Sisi hatukucheka. Ilikuwa mchana, watoto wako kwenye foleni, mara kelele huko mbele, "Linakuja! Linakuja!" Nusu yao hawajui ni nini kinachokuja. Wanakimbia tu kwa sababu wenzao wanakimbia, na wote wanakimbilia jikoni, kwenye masufuria yanayochemka. Mimi nikasimama na bakuli mkononi kama sanamu. Mama Bhoke akavuta kuni zote kutoka mafigani kwa mguu wa kiatu chake, akafunika masufuria, akasimama mlangoni na ule mwiko akiwa ameuweka kama mti wa kufungia zizi, akapaza sauti: "Polepole! Mmoja mmoja! Upande wa stoo!" Wakaingia. Hakuna aliyeungua. Yule dume alikula kabichi zote za bustani ya mkuu wa shule, akarudishwa mnadani amevimba tumbo.

Baadaye nikamuuliza aliwezaje kufikiria haraka vile. Akasema hakufikiria. Alishafikiria zamani, siku aliyoajiriwa, akabaki kungoja tu.

Siku hizi jikoni pale wana gesi, wana masufuria ya kugeuza kwa mkono wa chuma, hakuna moshi, mpishi anavaa kofia nyeupe kama yuko hotelini Musoma. Nilikwenda kuwatembelea. Nikafurahi, sitaki kuwadanganya kwamba zamani ilikuwa tamu. Zamani ilikuwa moshi. Ila dirisha lile wamelitia wavu, mtoto haonekani vizuri. Nikawaambia wautoe. Sijui kama wameutoa.

Sasa Nyanjura.

Alikuja Ijumaa moja na bodaboda, begi mgongoni na kitabu mkononi. Nikajiuliza kwa nini hakukitia begini. Tulikuwa na sato wa kukaanga, mkubwa, mwanangu Magesa alimleta kutoka Musoma. Nyanjura alimchokonoa yule samaki kama anayetafuta sindano, akasukuma sahani. Asubuhi ya Jumamosi akanikuta nawapa kuku pumba.

"Bibi, Jumatatu sirudi."

"Hurudi wapi?"

"Shule. Naacha kazi."

"Mkuu wako amekutukana?"

"Hapana."

"Una mimba?"

"Bibi!"

"Nauliza. Watu wanaacha kazi kwa sababu."

Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akanieleza. Kile kitabu ni cha habari za kweli, cha Kiingereza. Kuna shule moja huko Marekani, kijana aliingia asubuhi na bunduki, akaua watoto wadogo na mwalimu wao darasani. Aliyeandika ni baba wa mtoto mmojawapo. Amekwenda kwa kila mtu aliyekuwepo siku ile, mmoja mmoja, akamuuliza, ulikuwa wapi, ulisikia nini, ulifanya nini. Nyanjura ameazimwa na rafiki yake wa Musoma waliyesoma naye chuo.

"Darasa langu lina mlango mmoja, Bibi. Madirisha yana nondo. Nikifunga mlango, naanza kutafuta kwa macho nitawaficha wapi. Nikiuacha wazi, kivuli kikipita nakatisha sentensi. Watoto wanabaki wananiangalia."

"Hapa kwetu nani atakuja na bunduki shuleni?"

"Najua, Bibi. Kujua najua. Kujua hakunisaidii."

Mimi ni mtu wa njia fupi. Nikachukua kitabu, nikakipandisha juu ya kabati la vyombo, nikamwambia kimekwisha hicho, leo tunapalilia mihogo. Akanifuata mpaka ndani. Hakupaza sauti. Akasema, "Nimefika katikati. Nikiacha hapo, wale watoto watabaki mle ndani, mlango umefungwa. Na mimi ndiye niliyewaacha."

Nimejibizana na wakuu wa shule, nimejibizana na wenye malori ya mahindi mabovu. Huyu akanishinda. Nikakishusha kitabu nikampa. Akaenda nacho chumbani, akafunga mlango.

Yaliyofuata yalitokea nikiwa nyuma ya nyumba, kwa hiyo mwanzo wake nimesimuliwa. Pendo, mke wa Magesa, alirudi bombani na ndoo kichwani, akasikia mtu analia chumbani. Akafungua. Nyanjura amekaa chini sakafuni, simu iko pembeni yake, machozi mpaka shingoni.

"Nyanjura! Nani?" Pendo akauliza.

"Watoto, anti. Watoto wote wamekufa."

Pendo hakuuliza watoto gani. Aliiona simu, akasikia wamekufa, ikamtosha. Aliachia ndoo, akaweka mikono kichwani, akatoka uani na kile kilio chetu, cha kuita. Na mjue Pendo ni sauti ya kwanza kwaya ya kanisani. Kilifika mpaka ng'ambo ya bonde.

Kwetu kilio cha namna ile hakiulizwi. Mtu anaacha alichoshika anakuja. Nilipozunguka nyumba, Mama Wegesa, jirani yangu, alishafika, khanga kiunoni, beseni la unga kichwani, binti yake nyuma na mzigo wa kuni. Mzee Wanzagi akaingia na kiti chake cha kukunja. Vijana watatu wakaingia na majembe na sururu begani. Magesa akatokea shamba la pamba anakimbia, akanishika mabega yote mawili.

"Mama! Uko hai?"

Nikamwambia ndiyo, na asinikanyagie ua na matope.

"Kaburi linachimbwa upande gani?" Mzee Wanzagi akauliza. Ni mtu wa utaratibu.

"Hakuna kaburi. Hakuna aliyekufa hapa."

"Basi analiliwa nani?"

Nikamgeukia Pendo. Pendo akamgeukia Nyanjura, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na kitabu kifuani, anatamani ardhi immeze.

"Watoto wa shule," Nyanjura akasema.

"Shule gani? Ya Musoma?"

"Mbali zaidi, babu."

"Mwanza?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo ya ziwa?"

"Ng'ambo ya bahari. Marekani. Wako kitabuni, babu, lakini ni kweli."

Kijana mmoja wa sururu akaanza kucheka, mwenzake akampiga kiwiko. Nikaona aibu imekuja kukaa kwangu, kwamba nyumba ya Bibi fulani imeita watu kwa kilio cha uongo, na itasimuliwa sokoni mpaka nife. Nikafungua mdomo niwaombe radhi wajiendee.

Mama Wegesa akaniwahi. Alishatua beseni. "Mimi unga yangu siirudishi. Unga ikishatoka nyumbani kwenda msibani hairudi. Mnataka nikafungue nini kule kwangu?"

"Ni kweli," Mzee Wanzagi akasema, akafungua kiti chake. "Kilio kikishatoka hakimezwi. Kilio kisicho na msiba kinautafuta msiba. Tukiondoka hatujakaa, utampata mmoja wetu. Watoto wamekufa au hawajafa?"

"Wamekufa, babu," Nyanjura akasema.

"Mama zao wapo?"

"Wapo."

"Basi ni msiba. Umbali siyo kosa la marehemu. Tukae."

Wakakaa. Sasa mimi mtu akishakaa kwangu, najua la kufanya. Nikamwambia Magesa atoe mafiga makubwa na lile sufuria nililoagwa nalo shuleni. Binti wa Mama Wegesa akakoka moto. Wanawake nikawapa maharage ya kuchagua na mihogo ya kumenya, vijana nikawaambia waache sururu wakachote maji. Nyanjura nikamkalisha kwenye mkeka karibu na sufuria.

"Soma," nikamwambia.

"Bibi, kwa watu wote hawa?"

"Wamekuja kulia. Wataliaje wasilolijua?"

Akaanza. Anasoma kimoyomoyo mstari wa Kiingereza, anautoa kwa Kiswahili. Mwanzoni sauti ilikuwa kama ya mtu anayebeba maji kwa viganja. Alianza tena kutoka siku yenyewe, asubuhi, baba akimfungia mtoto wake chakula cha kwenda nacho shule kwenye kikopo. Mkate na kipande cha tofaa. Halafu yale yaliyotokea, ambayo sitayarudia hapa. Halafu siku za baadaye polisi walimrudishia baba begi la mtoto, na kikopo kikiwa ndani hakijafunguliwa. Aliandika kwamba mpaka leo hajakifungua.

"Kitaoza," Mama Wegesa akasema, kisu kimesimama kwenye muhogo.

"Kimeshaoza, mama," Nyanjura akasema. "Ni miaka sasa."

"Angekifungua. Chakula cha mtoto kinaoza kwenye begi, hapana, angekifungua akawapa hata ndege."

"Wewe ungekifungua?" Pendo akamuuliza.

Mama Wegesa alimzika mtoto wake wa pili akiwa wa darasa la kwanza, kwa malaria. Sisi wote tunajua. Akarudi kumenya. Alimaliza muhogo mzima ndipo akasema, "Kaptula yake ya shule ninayo. Endelea kusoma, mwalimu."

Basi wakalia pale, kwa kilio cha chini, cha watu wenye misiba yao wenyewe. Hata yule kijana aliyecheka.

Halafu wakaanza kuuliza, maana msibani watu wanauliza. Yule kijana wa bunduki, mama yake alikuwa wapi? Nyanjura akasema mama yake yumo kitabuni, baba yule alikwenda mpaka kwake akakaa naye jikoni. Hapo pakawaka. Mzee Wanzagi akasema asingeweza kukanyaga ua ule. Mama Wegesa akasema yule mwanamke naye amefiwa, tena hana wa kumletea unga. "Nani atamletea?" akasema. "Niambieni, nani atabeba beseni aende kule?" Mzee akasema yeye hapana. Pendo akasema yeye labda, lakini angeliacha mlangoni. Walibishana mpaka maharage yakataka kuungua, nikawafokea.

Nyanjura alipofika kwenye mahakama, Mzee Wanzagi akasema, "Ruka hapo, mwanasheria ni yule yule dunia nzima." Akaruka.

Mimi nilikuwa na swali langu tangu mwanzo na nilikuwa nalishikilia. Nikauliza, "Mpishi alikuwa wapi?"

"Mpishi gani, Bibi?"

"Shule ina watoto, ina chakula. Mpishi alikuwa wapi?"

Akarudi nyuma kurasa kadhaa. Alishampita, maana ni ukurasa mmoja tu, kati ya walimu na polisi. Yuko mwanamke wa jikoni. Alikuwa anakata karoti. Aliposikia milio, alizima jiko. Kuna watoto walikuwa wametumwa kuchukua maziwa, akawavuta wakaingia stoo, akasukuma meza mlangoni. Mle ndani watoto wakaanza kutetemeka meno. Akawapa kazi. Akawanong'oneza wapange makopo ya rafu ya chini kwa rangi, mekundu na mekundu, ya kijani na ya kijani, bila sauti hata kidogo. Wakayapanga, wakayapangua, wakayapanga tena, mpaka mlango ulipogongwa na watu wa kuwatoa. Wote wa stoo walipona.

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Nilijikuta nacheka na machozi yananitoka puani. Nikawaambia wale watu, huyo namjua, huyo ni Bhoke, amezaliwa tu mahali pengine. Na nikawasimulia ya dume la mnadani, wakacheka wote, katikati ya msiba, na hakuna aliyeona ni vibaya. Msibani kwetu watu wanacheka.

"Halafu akawaje?" nikauliza. "Huyo mpishi."

Niliona macho ya Nyanjura yameshatangulia mwisho wa ukurasa.

"Hakurudi tena kazini, Bibi. Alijaribu siku moja. Akafika mlangoni pa jiko, akageuka."

Nyanjura akanitazama, na nilijua anachosema bila kukisema: yule shujaa wako ameacha, kwa nini mimi nisiache? Kila mtu pale alikuwa anajua habari ya Jumatatu, maana Pendo alishamnong'oneza Mama Wegesa, na Mama Wegesa hana siri.

"Ana haki yake," nikasema. "Zamu yake aliifanya. Wewe zamu yako hujaifanya hata moja."

"Unanisukuma, Bibi."

"Nakusukuma."

"Na ikija siku nikashindwa? Nikasimama tu kama sanamu?"

"Mimi nilisimama kama sanamu na bakuli mkononi. Kesho yake Mama Bhoke akaniuliza ningesimama wapi. Tukapapanga. Ndiyo kazi hiyo."

Alikasirika. Alisoma kurasa za mwisho haraka haraka, kwa hasira, na labda ndiyo njia nzuri ya kuzisoma. Baba yule mwishoni anakwenda shule mpya waliyojenga, anakaa kwenye benchi nje wakati wa kutoka, anawaangalia watoto wa wengine wakimwagika mlangoni. Basi. Hakuna neno kubwa. Nyanjura akafunga kitabu, akakiweka mapajani, akapumua kama mtu aliyetua gunia. "Wametoka," akasema, kwa sauti ndogo. Hakuna aliyemuuliza ni akina nani.

Tukala. Makande ya mihogo na maharage siyo chakula cha harusi, lakini sufuria lilirudi tupu, na Nyanjura alirudisha sahani haina hata punje. Mimi naangaliaga sahani.

Kabla ya kuondoka, Mzee Wanzagi alisimama kufunga, kama inavyopaswa. Alitafuta mfiwa wa kumwambia maneno, akazunguka macho, akamchagua Nyanjura. "Mwalimu, poleni. Marehemu tumewalilia, hatuwadai na hawatudai. Mfiwa anakaa matanga yake, halafu anarudi shambani. Matanga yako yameisha leo. Shamba lako unalijua."

"Asante, babu," Nyanjura akasema. Habari ya Jumatatu sikumuuliza. Nililala sijui.

Jumapili baada ya ibada, nilimsikia uani na Magesa.

"Mjomba, pale kwenye duka la vifaa wanauza komeo?"

"La nini?"

"La darasa. Nataka likae upande wa ndani, na liwe chini kidogo, mtoto mrefu wa darasa langu alifikie."

Nikajifanya natafuta yai.

Alikwenda Jumatatu. Sitawaambia kwamba hofu iliisha, maana mtanikamata na uongo mkimkuta. Anasema kivuli kikipita mlangoni bado anakatisha sentensi, ila sasa anaimalizia. Watoto amewaonyesha pa kukaa wakiambiwa wakae, kwa mchezo, wanashindana nani ananyamaza zaidi, na mkuu wake amependa, wanaufanya madarasa yote. Mwezi uliopita nilikwenda Buswahili kumwona. Nilimkuta anafundisha huku mlango umefunguliwa nusu, kuku wa mtu anapita ndani, na yeye anaandika ubaoni amewapa mgongo wote, watoto na mlango pia. Nikakaa nje nikala karanga zangu. Nilishiba siku ile bila chakula.

Na yeye si mtu wa kukoma. Juzi amerudi na kitabu kingine kutoka kwa yule rafiki yake wa Musoma, kinene kuliko cha kwanza, nacho ni cha kweli, nacho ni cha mambo mazito. Akakiweka mezani tukiwa tunakula. Pendo akaacha kutafuna. Magesa akaniangalia. Nyanjura akasema, "Kama hutaki, Bibi, nitakisomea Buswahili."

Nikawaambia wote wanisikie vizuri, maana sirudii. Katika nyumba hii kitabu cha namna hiyo hakifunguliwi chumbani, wala mlango ukiwa umefungwa. Kinafunguliwa uani, mchana, kuni zikiwa zimeletwa na sufuria liko motoni, na anayesoma anasoma kwa sauti mpaka mwisho. Na wewe Pendo, kabla hajaanza, nenda kwa Mama Wegesa na kwa Mzee Wanzagi, uwaambie hakuna aliyekufa hapa, ila waje.